Gitaa Langu la Mvule

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli kwa mambo mengi, lakini katika mambo ya magitaa ya umeme naona imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Madukani vizuri na vibaya vyote vinajitembeza sawasawa. Vimepakwa rangi ya kung'aa, vimetundikwa ukutani, na jina limeandikwa kichwani kwa herufi za dhahabu. Mnunuzi hununua jina, akafika nyumbani, akaanza kutafuta sauti.

Wengi wenu hunisimamisha langoni jioni mkiniuliza, "Ati ni kweli ulitengeneza gitaa kwa kitanda?" Naam, ni kweli. Lakini swali lililo zito zaidi ni hili: je, gitaa lililotengenezwa kwa mkono, kwa mbao za kitanda, laweza kusimama mbele ya gitaa la kiwandani bila kuaibika? Swali hilo lilininyima usingizi likizo nzima, maana kitanda chenyewe hakikuwa changu.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu tunachokizungumzia. Gitaa la kawaida lina tumbo. Nyuzi zikitikisika, ubao mwembamba wa juu nao hutikisika, na hewa iliyomo tumboni huikuza sauti. Udi unaopigwa katika taarabu hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Gitaa la umeme la mbao nzima halina tumbo hata kidogo. Ni ubao tu. Ukilipiga bila kuliunganisha na amplifaya, aliyeketi upande wa pili wa chumba hakusikii vizuri. Siri yake imo katika kijidude kinachokaa chini ya nyuzi ambacho wanamuziki hukiita pikapu (msidhani nazungumzia gari la kubebea makabeji!). Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba maelfu ya mara. Nyuzi za gitaa ni za chuma. Zikitikisika karibu na sumaku huivuruga nguvu yake, na mvurugo huo huzalisha umeme mdogo sana katika ule waya. Umeme huo ndio unaopelekwa kwenye amplifaya, ukakuzwa, ukatoka kwenye spika ukiwa muziki. Asiyeamini na afanye nilivyofanya mimi. Nilifunga mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki mahali pa uzi mmoja wa gitaa la mjomba. Nilipoupiga ulitikisika vizuri, lakini spika ilikaa kimya, jii! Sumaku haina habari na nailoni.

Mtu aweza kuuliza, mbona watu wakaliondoa tumbo lililowafaa miaka mingi? Sababu ni makelele. Gitaa lenye tumbo likitiwa pikapu na kupigwa karibu na spika kubwa, sauti ya spika hulitikisa tumbo, tumbo likazitikisa nyuzi, nyuzi zikairudisha sauti kwenye spika, na mambo yakazunguka hivyo mpaka likatoka yowe la kutoboa masikio. Mliowahi kumwona mtu akisimama na maikrofoni mbele ya spika harusini mnalijua yowe hilo. Ubao mzima hautikisiki kwa urahisi namna hiyo.

Mwaka 1932 George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, huko Marekani, walianza kuuza gitaa la umeme la alumini lililopigwa likiwa limelazwa mapajani. Kwa umbo lake watu waliliita kikaango. Miaka ya 1940 ilipoanza, mpigaji gitaa Les Paul alichukua boriti ya msonobari yenye inchi 4 kila upande, akaitia nyuzi na pikapu, kisha akaibandika ubavuni vipande viwili vya gitaa la kawaida ili ipendeze macho. Leo Fender, fundi wa redio katika mji wa Fullerton, jimbo la California, alitoa gitaa la mbao nzima mwaka 1950, ambalo mwaka uliofuata lilipewa jina Telecaster. Stratocaster ikafuata mwaka 1954. Kampuni ya Gibson nayo ilitoa gitaa lenye jina la Les Paul mwaka 1952. Jambo lililonishangaza ni kwamba Bwana Fender mwenyewe hakujua kupiga gitaa! Aliwasikiliza wapigaji, akapima, akarekebisha. Niliposoma hayo nilijiambia, kumbe hapa pana nafasi hata ya mtu mwenye rula tu.

Bahati nzuri, nilikuwa na mahali pa kulinganishia. Mjomba wangu hupiga gitaa katika bendi ya harusini na mahotelini hapa Mombasa. Gitaa lake limeigwa mtindo wa Stratocaster, na mwenzake wa bendi huacha pale nyumbani gitaa lililoigwa mtindo wa Les Paul. Kwa muda wa mwezi mzima niliyapima yote mawili kama daktari apimaye wagonjwa, nikaandika kila kitu daftarini.

Tofauti ya kwanza ni urefu wa uzi, yaani kutoka kijipande cha mfupa kilicho kichwani hadi kwenye daraja. Mtindo wa Fender una milimita 648, na ule wa Gibson una kama milimita 628. Mtasema sentimita 2 ni kitu gani? Vidole vinajua. Uzi mrefu lazima ukazwe zaidi ili ufikie sauti ile ile, kwa hivyo hulia kwa ukali kama kengele. Uzi mfupi ni mlegevu kidogo na huvutika kwa kidole bila taabu.

Tofauti ya pili ni shingo. Ya Fender hufungwa kwa skrubu 4 na ya Gibson hugandishwa kwa gundi. Mtu anayejifunza afadhali skrubu. Shingo ikikaa vibaya waweza kuifungua ukairekebisha, lakini gundi ikishashika, imeshika.

Tofauti ya tatu ndiyo kubwa. Pikapu za gitaa la mjomba zina koili moja moja, na koili hukamata kila kitu, hata ule mtetemo wa umeme wa nyumbani unaobadilika mara 50 kwa sekunde. Ukikaribia taa ya mrija, gitaa linanguruma kama friji mzee. Lile jingine lina pikapu za koili mbili mbili, ambazo Seth Lover wa kampuni ya Gibson alizibuni mwaka 1955. Koili hizo huunganishwa zikielekeana kinyume, na sumaku zake pia ni kinyume. Ngurumo inayoingia katika koili moja hufutwa na ile inayoingia katika nyingine, lakini sauti ya uzi hujumlishwa. Ni hesabu ya kutoa na kujumlisha, basi!

Sasa nirudi kwenye kitanda. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na kitanda cha mvule ambacho marehemu babu alikitengeneza kwa mikono yake walipooana. Mfumbati mmoja ulikuwa umepasuka, kwa hivyo kitanda kilifunguliwa kikaegemezwa ukutani nyuma ya mlango. Mjomba mkubwa alitaka kiuzwe. Mama alitaka kitiwe mfumbati mpya. Bibi hakutaka lolote. Kila aliyekigusa aliulizwa, "Kinakudai nini hicho?"

Mimi nilikwenda nikamweleza ninachotaka, bila kuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mke mwenzangu wewe una vituko. Kitanda cha mume wetu si kuni. Nitakupa mifumbati hiyo miwili. Lakini binamu yako anaolewa Agosti, na siku hiyo nataka nikisikie kikilia mbele za watu. Kisipolia, mjomba wako atanicheka mpaka kaburini, naye atakuwa na haki."

Nilitoka pale na mbao begani na mzigo moyoni. Mvule wa zamani namna ile haununuliki tena kwa urahisi, na hata ungenunulika, usingekuwa wa babu. Nilikuwa na mfumbati mmoja mzima wa kutosha kiwiliwili. Ule uliopasuka ulibaki na kipande kimoja tu kizima, chenye urefu wa sentimita 70. Shingo yahitaji sentimita 67. Kwa hivyo sikuwa na shingo ya pili.

Kilichonipa moyo ni habari ya mvulana mmoja wa Uingereza, Brian May. Mwezi wa Agosti mwaka 1963, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 16, yeye na baba yake walianza kutengeneza gitaa la umeme nyumbani kwa sababu hawakuwa na fedha za kununua la dukani. Shingo waliichonga kutoka kwa mbao ya meko ya zamani iliyokuwa na matundu ya wadudu, wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Springi walizitoa kwenye pikipiki kuukuu, na alama za shingoni zilikuwa vifungo vya nguo vya mama yake. Kazi iliwachukua kama miaka miwili. Gitaa hilo ndilo alilolipiga katika bendi ya Queen, na mwaka 2002 alilipiga juu ya paa la kasri ya Malkia huko London. Mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, alizaliwa jirani yetu hapa Unguja mwaka 1946, jina lake likiwa Farrokh Bulsara. Na wale wanaodhani gitaa humfanya mtu aache masomo wajue kwamba Brian May alipata shahada ya udaktari katika elimu ya anga mwaka 2007.

Wala tusidhani kujitengenezea ni mambo ya Wazungu peke yao. Franco wa Kongo, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 1989, alianzia utotoni na gitaa la kujiundia. Na hapa kwetu Kenya, wapigaji wa benga waliuhamishia kwenye gitaa la umeme mtindo wa nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8 inayochongwa kwa mkono. Kwa hivyo sikuwa nikianza safari isiyokuwa na nyayo.

Fundi seremala wa mtaani kwetu aliponiona nikiingia na mbao alicheka. "Msichana na randa, wapi na wapi?" Lakini hakunifukuza. Alinipa kona ya karakana yake, nami nikawa namfagilia vumbi kila jioni. Ndiye aliyenifundisha kwamba mvule una ubishi. Wakati mwingine huwa na vijiwe ndani yake vinavyoharibu makali ya randa, na vumbi lake huwasha ngozi na pua. Nilifanya kazi nimejifunga kitambaa puani kama mtu wa jangwani.

Mfumbati mzima niliukata vipande vitatu vya sentimita 46. Nikaviranda pembeni mpaka nilipoviweka pamoja na kuviinua juani, mwanga haukupita katikati. Hapo ndipo fundi aliponiruhusu kutia gundi. Tulivibana kwa jiliwa usiku kucha. Asubuhi vilikuwa ubao mmoja, na hata leo ukitaka kuona pale vilipoungana ni lazima uutafute mstari. Kisha nikachora umbo, nikakata, nikapiga msasa siku 5 mfululizo. Tundu moja la babu, ambamo ulimi wa mbao wa tendegu ulikuwa ukiingia, nililiacha makusudi upande wa nyuma.

Kiwiliwili kilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa shingo. Udi hauna freti, kwa hivyo mpiga udi huitafuta sauti kwa kidole na sikio. Gitaa lina freti, vile vijiti vya chuma vilivyolala shingoni, na freti ikikaa mahali pabaya, hakuna kidole kitakachoiokoa. Hapa ndipo hesabu zetu za Kidato cha Tatu zilipokuja kunisaidia. Mkumbuke ule mfuatano ambao kila namba hupatikana kwa kuzidisha iliyotangulia kwa namba moja maalumu. Freti ni mfuatano huo huo. Unachukua urefu wa uzi, unaugawanya kwa 17.817, na jibu ndilo umbali wa freti ya kwanza. Urefu uliobaki unaugawanya tena kwa 17.817, ukapata nafasi ya freti ya pili, na kuendelea hivyo hivyo. Kwa uzi wa milimita 648, freti ya kwanza iko milimita 36.37 kutoka kichwani, ya pili 70.70, ya tatu 103.10. Ukifika ya 12, lazima upate 324 kamili, yaani nusu ya uzi, ambapo sauti ni ile ile lakini juu zaidi. Usipopata nusu, rudi mwanzo, hesabu yako ina walakini.

Jambo jingine ambalo kila anayetaka kujaribu alishike: usipime freti kutoka kwa freti iliyotangulia. Pima zote kutoka kichwani. Ukikosea nusu ya milimita mahali pamoja, kosa libaki hapo hapo. Ukipima kutoka freti hadi freti, makosa hushikana mikono, na ukifika freti ya 21 yamekuwa ukoo mzima.

Freti zenyewe tulizitoa katika gitaa bovu la mjomba lililovunjika shingo, pamoja na daraja na funguo za kukazia nyuzi. Nilichonga mfereji nyuma ya shingo, nikatia ndani yake nondo nyembamba ya mraba, nikaufunika kwa ukanda wa mvule. Kisha siku moja ya Jumamosi, nikiwa na rula ya chuma, kisu chenye ncha na msumeno mwembamba, nikaanza kukata. Mifereji 21. Fundi alizima redio yake. Hakuna aliyenisemesha. Kila mfereji niliupima mara tatu kabla ya kuukata, na nilipomaliza wa mwisho, saa sita zilikuwa zimepita na mgongo ulikuwa umekaa kama mundu.

Pikapu nilizisuka nyumbani kwa cherehani ya mama. Kile kigurudumu cha kujazia bobini kinafaa sana kwa kazi hiyo. Nilitia alama ya chaki nikaona kwamba gurudumu kubwa likizunguka mara moja, bobini huzunguka mara 5. Mimi nilizungusha na kuongoza waya, ndugu yangu mdogo akahesabu kwa kikokotoo. Waya ulikuwa wa unene wa milimita 0.063, mwembamba kama unywele, na ulikatika mara tatu, ukaungwa na kulehemiwa mara tatu. Mizunguko 7,800 kwa kila pikapu, ambayo ni zaidi ya kilomita moja ya waya! Sumaku zilitoka katika vitasa vya milango ya kabati. Baada ya hapo nilizichovya pikapu katika nta ya mshumaa iliyoyeyushwa polepole juu ya maji ya moto, ili waya zisicheze zikapiga mayowe. Pikapu ya pili niliisuka kinyume na kuigeuza sumaku yake, nikiukumbuka ujanja wa koili mbili. Zikifunguliwa zote pamoja, ngurumo hupotea. Ikifunguliwa moja peke yake, friji mzee anarudi.

Wiki mbili kabla ya harusi nilifunga nyuzi. Nyuzi 6 zikikazwa huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 45 hivi, karibu na uzito wa mfuko wa saruji. Shingo dhaifu hujipinda kama upinde wa mshale, nyuzi zikainuka, na gitaa likawa pambo la ukutani. Nilikaza taratibu, uzi mnene wa juu kwanza, nikaacha gitaa juu ya meza, nikaenda kulala. Kulala gani huko? Nilisikia kila jogoo wa mtaa. Alfajiri nilichukua rula nikailaza juu ya freti. Shingo ilikuwa imeinama kidogo tu, unene wa karatasi mbili tatu, jinsi inavyotakiwa ili nyuzi zisigonge freti. Mvule wa babu ulikuwa umekataa kushindwa.

Kabla ya harusi mjomba alipendekeza tulijaribu kwa haki. Tulitundika leso katikati ya chumba. Upande mmoja walikaa wenzake wanne wa bendi, kila mmoja na karatasi. Upande wa pili mjomba alipiga magitaa yote matatu kwa zamu, mara kadhaa, kwa amplifaya moja, nyuzi mpya za aina moja, na wimbo mmoja. Waliambiwa waandike lipi ni lipi.

Lile la mtindo wa Les Paul wote wanne walilitambua. Sauti yake ni nene na haina ngurumo. Lakini la mjomba na langu waliyachanganya kama sukari na chumvi gizani. Mmoja wao, ambaye siku zote huapa kwamba sauti yote imo ndani ya mbao za ng'ambo, aliandika jina la gitaa la mjomba mara mbili wakati mvule ndio uliokuwa ukilia. Sisemi kwamba mbao si kitu. Wapigaji wangali wanabishana juu ya jambo hilo. Nasema kwamba siku hiyo, katika chumba hicho, masikio yalitambua pikapu kabla ya kutambua mti. Hata katika gitaa moja, pikapu iliyo karibu na daraja hutoa sauti kali, na iliyo karibu na shingo hutoa sauti ya mviringo, ingawa mbao ni zile zile.

Wala sitaki kulisifu langu kupita kiasi. Lina kilo 4.1 kwa mizani ya duka, na ukisimama nalo saa nzima bega linasema. Sehemu ya juu ya shingo si laini kama ya kiwandani. Lakini kila freti inatoa sauti yake, na hilo ndilo jambo la kwanza gitaa linalodaiwa. Magitaa ya kiwandani hayanishindi kwa siri yoyote. Yananishinda kwa mashine inayokata mifereji 21 kwa muda mfupi ambao mimi nilihitaji Jumamosi nzima.

Agosti ikafika. Mjomba alinipa nafasi ya nyimbo mbili, usiku, wanawake wakiwa wamejaa uwanjani. Mikono yangu ilikuwa baridi kama samaki wa barafu. Bibi alikaa mbele kabisa, hakucheza, hakupiga makofi, alikaa tu kama mtu anayesikiliza hukumu. Nilipomaliza aliniita, akaligeuza gitaa, akaingiza kidole katika lile tundu la tendegu. Kisha akamgeukia mjomba mkubwa akamwambia, "Haya, sasa kiuze tukuone!" Watu wakaangua kicheko, na mjomba mkubwa akacheka kuliko wote.

Wapenzi wasomaji, mambo niliyojifunza ni haya. Gharama yangu yote, yaani waya, nyuzi, gundi, msasa, vanishi na vipuri vidogo, ilikuwa shilingi 3,200, nilizozipata kwa kuuza mabuyu na achari. Kwa hivyo umaskini si kisingizio, ijapokuwa ni kikwazo. Anayetaka kununua gitaa, asisome jina kabla hajapima. Aangalie shingo kwa rula, asikilize kila freti, alinganishe sauti ya freti ya 12 na nusu ya uzi. Anayetaka kutengeneza, asiguse matumbo ya amplifaya. Umeme wa pikapu hauui hata mbu, lakini ulio ndani ya amplifaya unaua mtu hata ukiwa umezimwa. Nasi tunaokaa pwani, tufute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, maana hewa ya chumvi huzila kwa kutu upesi.

Nilipata faida ya lugha pia, na hii nawapa wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili. Kabla ya kazi hii sikujua mfumbati wala tendegu, jiliwa wala keekee. Maneno hayo sikuyapata darasani. Yalikuwa karakanani na kwa bibi, yakisubiri mtu mwenye haja nayo.

Anayetaka kuliona gitaa lenyewe anakaribishwa nyumbani Jumamosi yoyote baada ya saa nane. Lakini jamani, mkono mtupu haulambwi. Naanza gitaa la pili mwezi ujao, kwa hivyo aje na karatasi moja ya msasa.